Mwaka Wanawake Waliposahau Kusoma

Koikai hakujisumbua hata kupunguza sauti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya Lesian, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, akizungumza kama mtu anayenadi mbuzi mnadani. Naisula, mke wa Lesian, aliyeipika chai hiyo, alikuwa palepale kando akiwakatia ng'ombe majani.

"Mwaka huu, rika langu, wake zetu hawajui kusoma," Koikai alisema, akacheka mwenyewe kabla mwenzake hajaelewa.

"Nani hajui kusoma?" Lesian aliuliza.

"Wote. Wa kwangu, wa kwako, wa Lomayani. Si umesikia maelekezo? Mtu asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemwamini. Haya, mke wa mtu amwamini nani kama si mumewe? Unaingia naye kwenye kituturi, unaweka alama ya vema kwa Yiamat kwa mkono wako mwenyewe, mnatoka. Hakuna kubahatisha tena."

Panga la Naisula lilisimama juu ya majani. Alimtazama mumewe. Lesian alikuwa anatazama chai yake.

Huko kubahatisha kulikuwa na chanzo chake. Uchaguzi uliopita, wanaume wa rika hilo, waliotahiriwa msimu mmoja na kula nyama pamoja tangu ujana, walikubaliana kwamba kura za kila boma ziende kwa mwenzao Yiamat, awe mwenyekiti wa kitongoji. Walipiga hesabu ya maboma, wakaridhika, wakachinja mbuzi kabla masanduku hayajafunguliwa. Yiamat alishinda, lakini chupuchupu. Siku hiyo wanaume wale waligundua kwamba wanalala nyumba moja na watu wenye mawazo yao wenyewe. Jambo hilo liliwaudhi. Hakuna aliyeuliza mawazo hayo ni yapi. Walichotafuta ni namna ya kuyazuia yasifike kwenye sanduku.

Na mawazo yenyewe hayakuwa siri. Yalikuwa maji. Kitongoji chao kiko juu ya Olmotonyi, kinapakana na msitu wa misonobari, na bomba kutoka kwenye chemchemi ya mlimani lilikuwa linapita mbele ya shule. Chini ya uongozi wa Yiamat bomba hilo lilikatwa kwa matengenezo, likaelekezwa kwenye mashamba ya mboga ya jamaa zake huko chini, na matengenezo hayakuisha. Wanawake wakarudi korongoni na ndoo zao. Masika yaliyofuata Naisula aliteleza kwenye tope la korongo, akaangukia mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo, kama anavyosema mwenyewe, anakamua ng'ombe kwa mkono mmoja na nusu. Aliyemfunga mkono ule kwa vijiti na kitambaa, kabla hajafikishwa hospitali, alikuwa Anyesi, muuguzi mstaafu wa zahanati. Alipomaliza kufunga alimwambia, "Ugonjwa huu hauna dawa zahanati, mama. Dawa yake iko kwenye kura." Sasa Anyesi huyo ndiye aliyesimama kugombea dhidi ya Yiamat, kwa tiketi ya chama kingine.

Koikai alipoondoka, Naisula alilaza panga chini.

"Baba Ezra, umesikia alichosema rafiki yako?"

"Koikai ana maneno mengi."

"Sikuuliza wingi wa maneno yake. Utafanya hivyo?"

Lesian alisimama, akaenda kwenye zizi kama mwenye kazi huko, akarudi bila kufanya kazi yoyote. Hakuwa mtu mbaya. Siku Naisula alipovunjika mkono, Lesian ndiye aliyembeba mgongoni kutoka korongoni mpaka barabarani, na hospitalini alikaa sakafuni pembeni ya kitanda mpaka wauguzi wakamfukuza. Ndiyo maana hasira ya Naisula ilikuwa na maumivu ndani yake.

"Ni dakika tano tu," Lesian alisema hatimaye. "Unasema hujui kusoma, tunaingia, tunatoka, unajua tena."

Naisula alishindwa kujizuia, akacheka, kicheko kikavu. "Juzi nani alikusomea maandishi madogo ya dawa ya kupe? Ulikuwa unataka kumimina chupa nzima. Nisingejua kusoma ungekuwa unafuga ngozi sasa hivi."

"Hayo ni ya nyumbani."

"Na Jumapili hii nani anasoma somo la kwanza usharikani? Nikishuka pale mbele, siku tatu baadaye nisimame mbele ya watu walewale niseme sijui a wala be? Karani wa kituo ni Mwalimu Ludovick. Anamfundisha Ezra. Ripoti zote za mtoto zina sahihi yangu."

"Ludovick ni mgeni hapa. Hataki maneno na watu."

"Mimi ndiye nayataka maneno?"

Lesian alivuta pumzi. "Mama Ezra, sikiliza. Mwaka ule niliolazwa na mguu, nani aliwalisha ng'ombe wangu? Yiamat. Nani alilima shamba hili? Yiamat na rika. Hawakuniomba hata kikombe cha chai. Leo anataka kura za boma langu, nimwambie nini? Kwamba mke wangu amekataa? Watasema Lesian ameshindwa na mwanamke."

"Kwani tunashindana?" Naisula aliuliza. "Mshukuru Yiamat. Ana haki ya kushukuriwa. Mpe kura yako, na ukitaka mpe na ndama. Lakini kura yangu si shukrani yako."

Kwenye kivuli cha ghala, mama yake Lesian alikuwa anapukuchua mahindi. Walimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, na ndivyo kitongoji kizima kilivyomwita. Hakuinua kichwa. Punje zilidondoka kwenye ungo, tup, tup. Yeyo hakuwahi kukaa darasani. Kila jioni baada ya kukamua, Naisula humsomea Biblia ya Kimaa, na pale asipopapenda bikizee huyo husema, "Rudia hapo, nadhani umesoma vibaya."

Jumapili Naisula alisoma somo lake. Alisoma polepole, kwa sauti ya kufika mlango wa nyuma, na Sumari, mzee wa kanisa, alimshika mkono wakati wa kutoka akamwambia, "Wewe ukisoma, mwanangu, hata kiziwi anaelewa."

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Silantoi alikuwa anamsubiri. Walisoma naye shule ya msingi dawati moja.

"Mimi nimekubali," Silantoi alisema bila salamu. "Usinitazame hivyo. Nitasema sijui kusoma. Ni neno tu, shoga."

"Neno tu? Silantoi, wewe ulikuwa unanishinda hesabu! Utasimama mbele ya binti yako—"

"Mumeo hakupigi," Silantoi alisema.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake jiwe njiani asijikwae. Hasira ambayo Naisula alikuwa amemwandalia rafiki yake ikakosa pa kwenda, ikarudi ndani, ikakaa. Wanaume wale hawakuhitaji kumpiga kila mwanamke. Ilitosha kila mwanamke ajue nani anapigwa.

Asubuhi ya uchaguzi ilikuwa angavu, Meru imejitokeza yote mpaka kileleni. Kituo kilikuwa darasa la pili la shule ya msingi. Foleni ilikuwa imezunguka uwanja, nayo ilikuwa foleni ya ajabu: wanaume na wake zao wamesimama wawiliwawili, kama wanaokwenda kubariki ndoa. Watu waliosalimiana kila siku hawakutazamana. Vijana wachache waliokuwa hawajaoa walikuwa wanacheka pembeni.

"Leo kitongoji chote ni kisomo cha watu wazima!" mmoja alipaza sauti.

"Wewe subiri uoe," mwingine akajibu, "utajua nani hajui kusoma."

Naisula alikuja peke yake, akiwa amejitanda shuka lake jipya la bluu. Lesian alikuwa ametangulia. Alipofika mlangoni alimkuta mumewe ameshasimama mbele ya meza ya karani, na Mwalimu Ludovick ameinamisha kichwa anaandika. Pembeni waliketi mawakala wa wagombea. Wa Yiamat alikuwa Koikai, amenyoosha miguu. Wa Anyesi alikuwa msichana mwembamba aitwaye Anande, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepinga mara nyingi mpaka msimamizi wa kituo akamwambia akipinga tena atatolewa nje.

"Huyo ndiye mke wangu," Lesian alisema. "Hajui kusoma. Nitamsaidia."

Alisema haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Naisula alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo. Alikuwa ameyasikia kichwani tangu siku ya Koikai na chai yake. Hata hivyo yalipotoka kinywani mwa mumewe, mwanamume aliyemchumbia kwa barua, na barua zile alizijibu yeye kwa mwandiko wake, aliyahisi kama kofi.

"Najua kusoma," alisema.

Kalamu ya Ludovick ilisimama.

"Mwalimu, shikamoo," Naisula aliendelea. "Najua kusoma, nawe unajua kwamba najua. Naomba karatasi yangu."

"Marahaba, mama." Ludovick alimtazama Lesian, akamtazama Koikai, akakohoa. "Sasa, tatizo ni kwamba mzee ameshasema, nami nimeshaandika."

"Futa."

"Hapa hatufuti ovyo ovyo, mama."

"Mwalimu," Koikai aliingilia, akitabasamu, "mama huyu ana utani sana. Mumewe anamjua zaidi yako. Au unataka kuingilia ndoa za watu?"

Anande alifungua mdomo. Msimamizi alimnyooshea kidole. Akaufunga.

"Mama Ezra," Ludovick alisema kwa sauti ya kubembeleza, sauti ile anayotumia kwa watoto waliojikojolea, "kaa pale kwanza. Tutashauriana. Wengine waendelee."

Akamwonyesha dawati la mwanafunzi kando ya ukuta. Naisula aliketi, magoti yakagonga mbao. Juu yake ukutani watoto walikuwa wamebandika herufi walizochora: a ya andazi, be ya bata. Lesian alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono haina kazi.

Kisha wakaanza kupita. Kila mume alisema "hajui kusoma," na kila mke alitazama sakafu, na Ludovick aliandika. Mke wa Lomayani, anayeuza duka la dawa za mifugo na kusoma vipimo vya sindano kila siku, hakujua kusoma. Mwenye kuongoza kwaya ya akina mama, anayefundisha nyimbo mpya kutoka kitabuni, hakujua kusoma. Silantoi aliingia nyuma ya mumewe. Alipita karibu na dawati kiasi kwamba shuka lake liligusa goti la Naisula. Naye hakujua kusoma. Mumewe alikuwa amemshika juu ya kiwiko, na vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye nyama.

Naisula aliwatazama wote. Alitamani kusimama juu ya dawati lile apige kelele. Walikuwa wamepanda mlima ule na vitabu kwenye mifuko ya rambo mvua ikinyesha, wakachapwa kwa kuchelewa, wakafaulu, wengine wakiwa na mimba, wengine wakiuza maparachichi kupata daftari. Sasa yote yale yalikuwa yanafutwa asubuhi moja, katika darasa lilelile, na waliokuwa wakiyafuta walikuwa wanasema "asante mwalimu" wakati wa kutoka.

Sumari, mzee wa kanisa, aliingia.

"Shikamoo mzee," Naisula alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa hapo?"

"Wanasema sijui kusoma. Mzee, hebu waambie. Jumapili nilisoma nini?"

Sumari aliigeuza kofia yake mkononi. Alimtazama Koikai, kisha dirisha, kisha viatu vyake vilivyong'arishwa vizuri.

"Mambo ya kanisani tusiyalete huku, mwanangu," alisema. Akachukua karatasi yake, akapiga kura, akatoka kwa mlango mwingine.

Hapo ndipo machozi yalipomjia Naisula. Hakuyafuta. Aliona ni haki wayaone.

Kelele ya fimbo ikigonga sakafu ilisikika mlangoni. Yeyo alikuwa amefika, amevaa shanga anazovaa kwenye harusi za watu. Foleni ilimpisha. Lesian alimkimbilia kwa nafuu kubwa, kama mtu aliyepata kazi hatimaye.

"Yeyo, njoo. Huyu ni mama yangu, mwalimu. Huyu hata wewe unajua, kweli hajui kusoma. Nitamsaidia mimi."

"Nani amekuita?" Yeyo aliuliza.

"Yeyo, ni mimi."

"Nakuona. Sijawa kipofu kiasi hicho. Nimeuliza nani amekuita." Alimgeukia karani. "Wewe mwalimu. Wamesema asiyejua kusoma aje na mtu wake. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi. Mtu unayemwamini."

"Mimi sijui kusoma, wala sioni haya. Hakuna aliyenipeleka. Nataka msomaji wangu." Fimbo ilinyooka kuelekea ukutani. "Yule pale."

Ludovick aligeuka, akamwona Naisula, akageuka tena. "Bibi, yule... imeandikwa kwamba hajui kusoma."

"Imeandikwa na nani?"

"Mumewe amesema."

"Lesian amesema?" Yeyo alimtazama mwanawe. "Basi kila jioni huwa ananisomea nini? Upepo?"

Kicheko kililipuka mlangoni, kikasafiri kwenye foleni mpaka nje, watu wakiambiana kilichosemwa. Koikai alisimama.

"Bibi amezeeka, mwalimu, anachanganya mambo. Mwanawe wa kumzaa yupo hapa—"

"Koikai," Yeyo alisema, "kaa chini. Ulizaliwa umetanguliza matako, mikono hii ndiyo iliyokutoa, na mpaka leo unatanguliza hayo hayo kila unakoingia."

Safari hii hata askari mgambo alicheka. Koikai aliketi. Yeyo hakucheka. Alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Baba yako alikuwa mwanamume mkali," alimwambia kwa Kimaa, taratibu. "Lakini hakuwahi kufunua kibuyu changu cha maziwa aone nimebakiza kiasi gani. Angekufa kwa aibu. Alijua kuna vitu ndani ya boma lake ambavyo si vya kuchungulia. Wewe nimekufundisha nini?"

Lesian aliinamisha kichwa.

"Maelekezo yanasema mtu anayemwamini mpiga kura," Anande alisema, akimtazama msimamizi machoni. "Nitoeni nje mkitaka. Maelekezo ndiyo hayo."

Hakuna aliyemtoa. Foleni ilikuwa imejisogeza, nyuso zimejaa mlangoni na madirishani, na Mwalimu Ludovick, ambaye hakutaka maneno na watu, aliona kwamba sasa maneno yalikuwa pande zote. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya alichoandika asubuhi.

"Mama Ezra," alisema bila kumtazama, "msaidie bibi. Halafu njoo uchukue ya kwako."

Kituturi kilikuwa meza yenye maboksi pande tatu. Waliinama pamoja, vichwa vikagusana. Naisula alimsomea yote, polepole, kama anavyomsomea jioni: jina la kwanza na chama chake, jina la pili na chama chake.

"Nimeelewa," Yeyo alinong'ona. "Niwekee Yiamat."

Naisula alidhani hakusikia vizuri. "Yeyo?"

"Yiamat."

"Na maji, Yeyo? Na mkono wangu?"

"Maji nayajua. Niliyabeba kabla hujazaliwa. Na mkono wako nauona kila siku unapokamua." Pumzi yake ilikuwa na harufu ya maziwa mgando. "Lesian alipokuwa mchanga niliugua, titi likakauka. Mama yake Yiamat alimnyonyesha pamoja na wa kwake mpaka nikapona. Sikumlipa. Amekufa. Mimi ni mzee, sitapiga nyingine. Niwekee Yiamat."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Naisula. Mbele yake kulikuwa na visanduku viwili, kimoja juu ya kingine, na macho ya Yeyo hayakuweza tena kutofautisha punje ya hindi na kokoto. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kura hii moja kwa Anyesi, kwa ajili ya bomba, kwa ajili ya Silantoi na vidole vile kwenye mkono wake. Angesema moyoni kwamba bikizee haelewi, kwamba yeye aliyesoma anajua kilicho chema kwa boma zima. Alisikia maneno hayo yakijipanga kichwani, na akaitambua ile sauti. Ilikuwa sauti ya Koikai akinywa chai.

Aliweka vema kwa Yiamat. Mkono ulimuuma, na si kwa ajili ya mfupa. Akakichukua kidole cha Yeyo, akakipitisha juu ya kisanduku. "Hiki hapa. Cha juu."

"Sawa," Yeyo alisema. "Kunja vizuri."

Kisha Naisula alikwenda mezani, akapokea karatasi yake, akarudi peke yake kwenye maboksi yale. Alimpigia Anyesi. Ilichukua muda mfupi sana. Alishangaa kwamba watu wazima walikuwa wamehangaika kiasi kile kuzuia jambo dogo vile.

Alipotoka, wanawake watatu waliokuwa bado kwenye foleni walikuwa wamejitenga na waume zao, wamesimama upande wa pili wa uwanja, mmoja nyuma ya mwingine. Mmoja alikuwa analia. Wengine, wengi, walibaki walipokuwa. Lesian hakuwepo.

Alimkuta nyumbani alasiri, amesimama katikati ya boma. Habari zilikuwa zimemtangulia, kwa maana Koikai alikuwa amewatuma vijana wazitangaze njia nzima.

"Umemwibia mama yangu kura," Lesian alisema.

Naisula alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja. "Hivyo ndivyo anavyosema Koikai?"

"Kila mtu anasema. Mama yangu haoni. Ulikuwa peke yako naye. Ungeacha kumwekea mtu wako? Mimi ningekuwa wewe..."

"Ndiyo," Naisula alisema. "Wewe ungekuwa mimi. Malizia."

Lesian alimgeukia mama yake, aliyekuwa amerudi kwenye ungo wake wa mahindi. "Yeyo, ulimchagua nani? Niambie, niwafunge midomo."

"Nilikataa usiingie nami kule ndani," Yeyo alisema, "halafu nije nikusimulie hapa nje?"

Lesian alirudi kwa mkewe. Hasira ilikuwa imemtoka, uso umebaki mtupu, na Naisula aliuona uso ule wa hospitalini, wa mtu anayekaa sakafuni. "Basi niambie wewe. Neno moja tu. Jina. Ukinitajia nitakuamini, naapa, nitakwenda kwa rika niseme mke wangu hakuiba. Naisula. Nisaidie."

Neno lenyewe lilikuwa pale, mdomoni. Lingemsafisha mbele ya kitongoji kizima. Lingemfurahisha mumewe kuliko neno lolote alilowahi kumwambia, na usiku huo wangelala kwa amani. Yeyo alikuwa ameacha kupukuchua. Alikuwa anasikiliza.

"Hapana," Naisula alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si la kwangu. Niite mwizi ukitaka. Mama yako alinipa kitu nikishike, nami nimekishika. Ukitaka la kwangu nitakupa, tena bila kuapishwa, kwa kuwa hilo ni langu na sikuogopi." Alimtazama usoni. "Nilimpigia Anyesi. Uchaguzi ujao, akigombea tena, nitampigia tena. Na siku nyingine ukisimama mbele ya watu ukasema sijui kusoma, Baba Ezra, tafuta mtu mwingine wa kukusomea dawa za ng'ombe, barua za shule na vipimo vya mama yako, kwa sababu nitakuwa nimekubali kwamba sijui."

Kutoka upande wa shule sauti za wanaume zilipanda, kelele za furaha, kisha mtu akaanza kuimba. Yiamat alikuwa ameshinda. Moshi wa nyama ulikuwa umeshaanza kuonekana juu ya migomba.

"Lesian!" Koikai aliita kutoka njiani, amechangamka. "Rika langu, njoo! Nyama hii! Au mke amekukataza?"

Lesian alitembea mpaka langoni. Hapo alisimama, mkono mmoja juu ya nguzo, mgongo wake kwa mkewe. Koikai aliita tena, akasubiri, akatukana kwa utani, akaenda zake. Lesian aliendelea kusimama, hakutoka wala hakurudi ndani.

Naisula hakumngoja. Ng'ombe walikuwa wanalia. Alichukua chombo cha kukamulia, akakaza kitambaa kwenye kifundo cha mkono wake, akaingia zizini.